Anayekunywa Tembo Asinywe na Mbegu

KWA mtu wa pwani ya kusini, neno mnazi lina maana mbili, na zote mbili amezijua tangu utotoni. Mnazi ni ule mti uliosimama uani, unaotoa nazi ya kupikia, makuti ya kuezekea na kivuli cha kupumzikia. Mnazi tena ni kile kinywaji kinachogemwa katika mti huo huo, kikauzwa mangweni kwa mboko au kwa chupa. Ukimsikia mtu wa Kona ya Musa akilalamika kwamba mnazi wa mwaka huu si mzuri, huna budi umwulize kwanza: ni ule wa shambani au ni ule wa mangwe?

Lugha ya zamani ilikuwa na neno lake la kuondoa utata huo, nalo ni tembo. Kijana wa leo akisikia tembo humfikiria mnyama mwenye mkonga kule Shimba Hills. Wazee wa pwani mnyama huyo walimwita ndovu, na tembo likawa ni pombe ya mnazi. Ndiyo maana wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hakuna aliyewahi kumtia ndovu maji.

Makala haya hayamhimizi mtu kunywa. Pwani ya kusini ni nchi ya Waislamu wengi, na hukumu ya kileo katika dini yao inajulikana. Wala hayakuandikwa kumlaumu mgema, ambaye hupanda mti mrefu kuliko nyumba ya ghorofa ili wanawe wapate karo. Yanataka kuuliza jambo moja ambalo mnywaji na asiyekunywa wote wawili wanahusika nalo: tembo hili latoka katika mnazi wa aina gani, aina hiyo ilifikaje hapa, na itabaki mpaka lini?

DIVAI INA UKOO, NA TEMBO JE?

Huko Ulaya swali la namna hii haliwashangazi watu. Mnywaji wa divai nyekundu hupenda kujua imetoka katika mzabibu gani, na mzabibu wenyewe una jina, una kwao na una wazazi. Mwaka 1997 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitangaza kwamba mzabibu mashuhuri wa Cabernet Sauvignon ni mtoto wa mizabibu miwili ya Ufaransa, mmoja wa zabibu nyeusi na mmoja wa zabibu nyeupe. Waliyajua hayo kwa kupima chembe za urithi, kama vile hospitali inavyoweza kupima damu ya mtoto ili baba ajulikane.

Upo mzabibu mwingine wa divai nyekundu ambao habari zake zinatuhusu zaidi. Unaitwa Carménère, na asili yake ni nchi ya Bordeaux. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mdudu mdogo aliyetoka Marekani aliishambulia mizizi ya mizabibu ya Ufaransa na kuangamiza mashamba mengi mno. Wakulima walipopanda upya, wengi waliuacha Carménère kwa sababu ulikuwa mgumu wa kushika matunda. Ukasahauliwa, na watu wakadhani umekwisha. Mwaka 1994 mtaalamu wa Kifaransa, Jean-Michel Boursiquot, alikuwa akitembea katika mashamba ya Chile, ng'ambo ya pili ya dunia, akautambua. Kumbe kabla ya msiba ule vipandikizi vyake vilikuwa vimevukishwa bahari, vikapandwa Chile, na kwa muda wote huo vilikuwa vikiitwa kwa jina la mzabibu mwingine.

Msomaji, likumbuke neno hilo: kipandikizi. Mzabibu hukatwa tawi, tawi likapandwa, na mti unaoota huwa ni ule ule. Ndivyo hata zabibu nyekundu ya Dodoma iitwayo Makutupora inavyozidishwa: tawi kwa tawi, shamba kwa shamba. Mnazi hauna tawi la kukata. Hapo ndipo habari yetu inapoanzia.

MREFU NA MFUPI

Watu wa pwani huigawa minazi katika mafungu mawili. Liko fungu la minazi mifupi, ambayo wengi huiita ya kipemba, na baadhi yake kitamli. Hii huanza kuzaa ingali chini, mtoto aweza kuichuma kwa mkono, na madafu yake yana maji matamu. Mingine madafu yake ni ya rangi ya chungwa au nyekundu, mingine ni ya manjano, mingine ni ya kijani. Ndiyo inayopendwa katika bustani za hoteli za Diani, kwani ni mizuri kwa macho na haimwangushii mgeni nazi kutoka mbali.

Liko fungu la pili, la mnazi mrefu, ambao wataalamu wa kilimo huuita mnazi mrefu wa Afrika Mashariki. Huu ndio uliojaza pwani ya Kenya, tangu Lunga Lunga mpaka Lamu. Hukawia: mtu akiupanda leo, atangoja miaka sita, saba au zaidi ndipo aone nazi. Lakini ukishaanza hauchoki upesi. Huenda juu mita 20 na kuzidi, na huzaa miaka 60 au zaidi, hata mjukuu akala katika mti uliopandwa na babu. Nazi yake ina nyama nene, hutoa tui zito, na mbata yake ndiyo iliyokuwa ikiuzwa kwa wakamuaji wa mafuta. Na tembo la mnazi, kwa sehemu kubwa sana, ni tembo la mti huu.

Tofauti ya mafungu haya mawili haiko katika kimo peke yake. Iko pia katika maua. Kila mnazi huwa na maua dume na maua jike katika panda moja. Katika mnazi mfupi, maua hayo hukomaa kwa pamoja, basi mti hujizalisha wenyewe, na mtoto hufanana na mzazi. Katika mnazi mrefu, maua dume kwa kawaida hutangulia kufunguka na kupukutika, na maua jike huja kuwa tayari dume wa panda ile wamekwisha. Hapo mti hungoja unga wa maua uletwe na upepo au nyuki kutoka mti mwingine. Kwa hiyo nazi za mnazi mmoja mrefu zina mama mmoja na baba wengi. Ukipanda nazi kumi za mti mmoja, utapata miti kumi iliyo ndugu, lakini hakuna hata mmoja ulio nakala ya mama.

KAZI YA MGEMA

Yatupasa kufahamu jinsi tembo linavyopatikana, maana ndani ya kazi hiyo mna jambo ambalo watu wengi hawalitilii maanani.

Mkwezi na mgema si mtu mmoja. Mkwezi hupanda mnazi kuangua nazi, akashuka, akalipwa, akaenda zake mpaka msimu mwingine. Mgema ni mtumwa wa mti. Hupanda asubuhi na hupanda jioni, siku zote, mvua na jua, kaskazi na kusi, kwa vidato vilivyochongwa katika shina. Kiunoni ana kotama, kisu kipana kilichopinda na chenye makali kama wembe, na kibuyu cha kuteremshia alichokipata.

Mnazi ulio katika hali nzuri hutoa karara mpya karibu kila mwezi. Karara ni lile ganda refu lililofunika maua yasiyofunguka. Mgema haliachi lifunguke. Hulifunga kwa kamba toka chini hadi juu, akalikata ncha, akawa analiinamisha kidogo kidogo lielekee chini. Kila apandapo huchonga kipande chembamba kama karatasi ili jeraha lisizibe, na utomvu hudondoka ndani ya kibuyu kilichofungwa hapo. Mti mmoja waweza kutoa lita moja hivi kwa siku, au mbili ukiwa na nguvu na mvua ikiwa imenyesha.

Utomvu huo unapotoka ni mtamu, una sukari nyingi, wala hauna kileo. Lakini chachu ya hewani na ya kibuyuni huanza kazi papo hapo. Baada ya saa chache tembo tamu limekwisha kuwa tembo la kulevya, likitoa povu na kuunguruma ndani ya mtungi. Likilala huwa kali, na likikaa zaidi huwa siki. Ndiyo sababu divai hutunzwa miaka ikaongezeka thamani, bali tembo la jana ni hasara ya leo. Ndiyo sababu pia zamani, kabla ya hamira ya dukani kuenea, mama wa pwani aliweza kutumia tembo kuumulia unga wa mkate, na tembo tamu likichemshwa likawa asali.

Sasa litazame hilo karara tena. Ndani yake mlikuwa na maua, na katika maua hayo ndimo zilimokuwa nazi za mwaka ujao. Karara linalogemwa halizai. Mnazi unaogemwa karara zake zote, mwaka nenda mwaka rudi, hauangushi hata nazi moja. Mwenye mti anajua kwamba amebadilisha nazi kwa tembo. Asilolikumbuka ni kwamba amebadilisha na mbegu vilevile.

NASABA YA MTI

Mnazi wetu mrefu haukuota hapa wenyewe. Mwaka 2011 wataalamu watatu, Bee Gunn, Luc Baudouin na Kenneth Olsen, walichapisha matokeo ya kupima chembe za urithi za minazi zaidi ya 1,300 kutoka sehemu nyingi za dunia. Waliona kwamba minazi ya dunia imegawanyika katika koo kubwa mbili. Ukoo mmoja ni wa bahari ya Pasifiki, ambao watu waliuanza kuupanda katika visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki. Wa pili ni wa Bahari ya Hindi, ambao kitovu chake cha kale kilikuwa upande wa kusini wa Bara Hindi, pamoja na Sri Lanka na visiwa vya Maldives.

Katika sehemu nyingi koo hizo hukaa mbalimbali. Lakini katika pembe yetu, yaani Madagascar, Ngazija na pwani ya Afrika Mashariki, wataalamu hao walikuta damu za koo zote mbili zimechanganyika. Maelezo yao yanaafikiana na historia tunayoifahamu: wasafiri wa jamii za visiwa vya Indonesia walivuka Bahari ya Hindi wakahamia Madagascar, wakaleta lugha yao, mitumbwi yao ya ngalawa, na bila shaka nazi zao. Hapa zilikutana na nazi zilizoletwa na majahazi ya kaskazi. Basi mnazi wetu una wazee wawili kama wenyeji wenyewe wa pwani: mmoja alitoka Bara Hindi, mmoja alitoka mashariki ya mbali, na ndoa ikafungwa huku kwetu.

Ufundi wa kugema nao ni wa kale katika bahari hii. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliendelea na safari mpaka Dhofar, upande wa kusini wa Oman. Huko alieleza jinsi watumishi wa minazi walivyopanda asubuhi na jioni, wakakata kikonyo cha panda, wakafunga chombo kidogo cha kupokea maji yaliyodondoka, na maji hayo wakayapika kuwa asali. Mgema wa Kwale wa leo akisomewa maneno hayo atasema huyo ameeleza kazi yangu.

Wareno nao walipita. Baada ya safari ya Vasco da Gama ya 1498, merikebu zao zilichukua nazi kutoka Bahari ya Hindi zikazipeleka visiwa vya Cape Verde, na kutoka huko zikaenea Afrika Magharibi na visiwa vya Karibi. Minazi ambayo watalii huiona katika picha za Karibi si mwenyeji wa huko. Ni jamaa wa minazi ya bahari yetu.

TEMBO KATIKA MAISHA YA WATU

Katika bara ya karibu na Mombasa, Wamijikenda waliufanya mnazi kuwa mali na tembo kuwa muhuri. Katika karne ya 19 Rabai ilisifika kwa minazi yake, na tembo lake lilikuwa biashara na majirani wasiokuwa na minazi. Mwanahistoria Thomas Herlehy alieleza mwaka 1984 jinsi tembo pamoja na undugu wa kuchanjana ulivyowafungamanisha watu wa makabila mbalimbali wa pwani ya Kenya katika karne hiyo. Neno tembo lenyewe liko katika kamusi ya Ludwig Krapf, mmisionari aliyehamia Rabai mwaka 1846 na ambaye kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, baada ya kufa kwake.

Hakuna posa iliyokamilika bila tembo. Hakuna wazee waliokaa kuamua kesi midomo mikavu. Katika kaya, tembo lilimwagwa chini kwa ajili ya wahenga. Hata leo, kaya kama Kinondo, iliyo pwani ya Diani na ambayo mwaka 2008 iliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, ni ukumbusho kwamba miti na ibada vilikwenda pamoja.

Mtaalamu David Parkin, katika kitabu chake juu ya Wagiriama kilichotoka mwaka 1972, alionyesha jambo la ajabu. Mnazi uliweza kuuzwa peke yake mbali na ardhi, na mashahidi wa mauzo walikuwa ni wale wazee waliokunywa tembo pamoja siku hiyo. Mzee aliyekunywa hawezi kusema hakuona. Lakini wakati bei ya mbata ilipokuwa nzuri, wako vijana waliojilimbikizia minazi, na baadhi yao wakasilimu kwa kusema kwamba pepo wao wamewataka wawe Waislamu. Kwa kusilimu walipata udhuru wa kutokunywa na wazee na kutokuwagawia. Vita vya nazi na tembo vikawa pia ni vita vya kijana na mzee.

Kwa Wadigo wa Kwale mambo yalikwenda njia nyingine. Uislamu ulienea kwao sana mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na Mdigo aliyeshika dini yake hunywa dafu akaacha tembo. Hata hivyo mti ni mali, na mali haisusiwi kwa urahisi. Wako wenye minazi wasiotia tembo mdomoni ambao hata hivyo huikodisha miti yao kwa wagema, kwa kuwa tembo huleta fedha kila siku na nazi hungoja msimu.

SERIKALI NA MTI

Tangu ukoloni, serikali imeutazama mnazi kwa jicho moja la upendo na moja la shaka. Mbata ilipendwa kwa kuwa ilisafirishwa ikaleta ushuru. Tembo lilishukiwa kwa kuwa lilinywewa hapa hapa. Zilikuwako sheria za leseni za pombe za kienyeji, na iliwahi kuwako sheria maalumu ya kuhifadhi minazi. Baada ya uhuru mvutano huo haukwisha.

Mwaka 2007 iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji wa Nazi ya Kenya, na watu wa pwani walifurahi kwamba zao lao hatimaye limepata msemaji kama kahawa na chai. Baada ya sheria za kilimo za mwaka 2013, kazi ya mamlaka hiyo iliingizwa katika Mamlaka ya Kilimo na Chakula, na mnazi ukawa mmoja wa mimea mingi iliyo chini ya dari moja. Kwa upande wa kinywaji, sheria ya kudhibiti vileo ilipitishwa mwaka 2010, na Katiba ya mwaka huo huo iliweka leseni za vileo mikononi mwa kaunti. Mnazi ukaingia katika chombo kimoja na vileo vya viwandani, ingawa hauna kiwanda wala chupa yenye nembo, na hauwezi kukaa ghalani hata siku tatu.

Katika mabishano yote hayo, kinachozungumzwa ni kinywaji, bei na leseni. Mbegu haitajwi.

HATARI ILIYO WAZI

Sasa turudi Kona ya Musa na vitongoji vya karibu na Ukunda. Ardhi ya hapa imekuwa ghali. Shamba la minazi la jana leo ni ploti, na kitu cha kwanza mnunuzi anachofanya ni kusafisha. Minazi ya miaka 50 hukatwa, shina likapasuliwa mbao, na vigogo visivyofaa vikaachwa vioze. Ndani ya vigogo hivyo chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, hutaga mayai yake, na watoto wake wakikua huruka kwenda kutoboa vilele vya minazi ya jirani iliyosalia. Mti mmoja ukikatwa vibaya waweza kuvuta mingine nyuma yake.

Miti inayobaki ni ipi? Mara nyingi ni ile inayoleta fedha, na inayoleta fedha za haraka ni ile inayogemwa. Mgema naye si mjinga: huchagua mti wenye afya, wenye karara nene, wenye utomvu mwingi na mtamu. Maana yake ni kwamba mnazi ulio bora kuliko wote shambani ndio unaonyimwa nafasi ya kuzaa, na mnazi hafifu ndio unaoachiwa uangushe nazi. Mwenye shamba akitafuta mbegu huokota nazi za ule hafifu. Akifanya hivyo, na mwanawe akafanya hivyo, je, shamba la mjukuu litakuwa la namna gani?

Ingekuwa mzabibu, mtu angekata tawi la ule mti bora akalipanda, na mambo yakaisha. Carménère iliokoka kwa njia hiyo. Mnazi una shina moja na kilele kimoja. Ukikata kilele, umeua mti. Wataalamu wa Ubelgiji na wenzao walitangaza mwaka 2021 kwamba wamepata njia ya kuzidisha miche ya mnazi katika maabara, na hiyo ni habari njema, lakini maabara haijafika katika shamba la mkulima wa Kwale. Wala nazi haihifadhiki ghalani kama mahindi au maharagwe. Nazi iliyokomaa hutaka kuota: baada ya miezi michache chipukizi limetoka na ndani mmejaa joya. Kwa hiyo hazina ya mbegu za minazi ya dunia imewekwa katika mashamba yenye miti hai, na lile la Afrika liko Ivory Coast, mbali kabisa na Kwale.

Wako watakaosema: basi tulete aina mpya. Nazo zililetwa. Mseto wa mnazi mfupi wa Malaya na mnazi mrefu wa Afrika Magharibi, uliozalishwa Ivory Coast, ulisifiwa ulimwengu mzima kwa kuzaa mapema na kwa wingi. Ulipojaribiwa upande wa Tanzania Bara, ukame na ugonjwa wa kuua minazi viliudhuru vibaya, na watu wakarudi kuuthamini mnazi mrefu wa nyumbani. Mti uliokaa pwani hii mamia ya miaka umezoea mchanga wake, upepo wake na kiangazi chake. Mazoea hayo hayanunuliwi dukani.

LIFANYIKE NINI?

Jambo la kwanza liko katika uwezo wa kila mwenye mnazi, wala halihitaji senti. Katika minazi yake, achague miwili au mitatu iliyo bora: yenye kilele cha mviringo na makuti mengi, vikole vifupi vyenye nguvu, na nazi nyingi za kadiri nzuri. Hiyo iwe miti mama. Isigemwe kabisa, au kama dhiki imezidi, basi angalau karara kadhaa za kila mwaka ziachwe zizae. Nazi zake zikomae mtini, ziteremshwe polepole zisipasuke, zilazwe kitaluni, na zile zinazotangulia kuota kwa nguvu ndizo zipandwe.

Jambo la pili ni la mwenye mti na mgema wakati wanapopatana. Mapatano ya siku hizi hutaja fedha na siku. Yataje pia karara za mbegu na muda wa mti kupumzika. Mgema mwenye akili hatakataa, maana mti ukifa bila mrithi naye hana kazi.

Jambo la tatu ni la serikali ya kaunti na wataalamu wa utafiti wa Mtwapa na Matuga. Minazi mama ya Diani, Msambweni na Lunga Lunga itafutwe na kuwekwa alama kabla ploti hazijaimaliza, na watoto wake wapandwe mahali ambapo shoka halitafika. Anayekata mnazi wa zamani alazimishwe kuuchoma au kuuzika ule uliooza, na kupanda mwingine mahali pengine. Mlipaji wa fidia anapohesabu nazi za mti, akumbuke kuuliza kama mti huo una ndugu aliyebaki.

Na jambo la nne ni la mnywaji. Huyo amezoea kuuliza kama tembo ni la leo na kama halikutiwa maji. Maswali hayo ni ya haki. Lakini mwenzake wa Ulaya, akiinua gilasi ya divai nyekundu, huuliza na mti. Naye mnywaji wa mangwe anaweza kumwuliza mgema wake: mti huu umeuachia mbegu? Akipata jibu la ndiyo, atajua kwamba mnazi uliovuka bahari mbili ukafika Kona ya Musa bado una mtoto wa kuupokea mahali pake. Akikosa jibu, na ajue kwamba amelipia mboko moja tu, lakini amekunywa na shamba la mjukuu wake.